Kifundo cha usukani na mizani ya samaki

Methali isemayo kwamba mwenye kovu usidhani kapoa nimeisomesha kwa miaka mingi, aghalabu kama mfano wa kimofolojia: hicho kiambishi "ka-" kilichosimama mahali pa "ame-", na namna wanafunzi wanavyokichukulia kuwa kosa ilhali ni Kiswahili cha jadi. Sikuwahi kufikiri kuwa siku moja ningeisikia ikitolewa chini ya gari, na mtu aliyelala chali juu ya katoni, mikono yake ikiwa myeusi kwa grisi hadi viwikoni.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya aina ya FJ40, toleo la mwaka 1978, niliyoachiwa na marehemu baba. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1960 hadi 1984, na Mkenya wa umri wangu atayakumbuka yakibeba madaktari wa mifugo, mapadri, watalii na magunia ya mahindi, pengine yote hayo katika juma moja. Halina starehe yoyote. Ukilipanda kutoka Nairobi hadi Kitui, kiuno chako kitakueleza ulikopita. Hata hivyo ni gari ambalo kila kiungo chake chaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena na binadamu mwenye spana na subira, na hiyo ndiyo sababu lingali barabarani.

Mwaka jana lilianza kuvuja. Upande wa ndani wa gurudumu la kushoto la mbele palitanda utelezi mweusi, mchanganyiko wa oili na vumbi. Nililipeleka katika gereji moja mjini, wakaniwekea sili mpya, wakapangusa, nikalipa. Kwa muda wa miezi miwili kila kitu kiling'aa. Kisha utelezi ukarudi, na safari hii ukaja na mwenzake. Nilikuwa natoka Kitui na mama, tumekwisha kuipita njia panda ya Machakos, mwendo wetu ukiwa kama kilomita 70 kwa saa, gurudumu likakanyaga mahali palipovimba lami. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Halikuwa tetemeko la kawaida. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yakipigwapigwa kushoto na kulia kwa kasi ambayo sikuweza kuizuia, na nyuma yetu kulikuwa na lori. Nilipunguza mwendo polepole hadi hali ikatulia. Mama, ambaye hakupata kuendesha gari maishani mwake, aliniuliza, "Mwanangu, gari hili limeshikwa na homa?"

Ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja kule Kariobangi, katika eneo la viwanda vidogo vidogo. Alinisikiliza, akaingia chini, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa, akapitisha kidole nyuma yake, akanusa kidole. Ndipo akanipa ile methali. "Walikutibu kovu, mwalimu. Donda liko ndani."

Naomba msomaji anivumilie nieleze alichomaanisha, kwa kuwa ndani ya maelezo hayo ndimo ilimo hoja yangu ya leo.

Gurudumu la mbele la gari linalovutwa na magurudumu yote manne lina kazi mbili zinazopingana. Ni lazima lizungushwe na ekseli, na papo hapo ni lazima ligeuke kushoto na kulia dereva anapotaka. Waundaji wa gari hili walilitatua tatizo hilo kwa kuiga, naweza kusema, mwili wa mwanadamu. Mwisho wa ekseli uliishia kwenye tufe la chuma lililo wazi ndani. Tufe hilo limekumbatiwa na kipande kizito cha chuma ambacho ndicho kinachobeba gurudumu, na ambacho hugeuka juu yake kama mguu ugeukavyo kifundoni. Mimi nakiita kifundo cha usukani. Kifundo hicho kimeshikwa na beringi mbili zenye gololi ndefu zilizochongoka kidogo upande mmoja, moja juu na moja chini, kila moja na kifuniko chake. Ndani kabisa ya tufe kuna kiungo kiitwacho Birfield, chenye gololi sita zilizopangwa kwenye kizimba, ambacho huipitisha nguvu ya injini hata gurudumu likiwa limekatwa kona.

Kiungo hicho huishi ndani ya grisi nzito nyeusi. Nyuma yake, ndani ya ekseli, kuna oili nyepesi ya gia. Kinachovitenganisha viwili hivyo ni sili moja tu ya ndani, isiyozidi upana wa kikombe cha chai. Sili hiyo ikichoka, oili huingia kwenye grisi na kuigeuza kuwa uji. Grisi peke yake haivuji kwa urahisi, uji huvuja. Utapenya kwenye kitambaa cha sufu na mpira uliozunguka tufe kwa nje, ambavyo kazi yake hasa ni kulipangusa tufe na kuzuia vumbi, si kuzuia oili. Basi fundi anayeona utelezi nje akabadilisha mpira wa nje, amefanya kama yule apakaye rangi ukuta ulioloa maji ya bomba lililopasuka ndani yake.

Nilipewa ruhusa ya kushiriki, kwa sharti kwamba nisishike nyundo bila kuambiwa. Tuliinua gari, tukalikalisha kwenye vyuma imara, tukatoa gurudumu, breki, habu na hatimaye ile shafti na kiungo chake. Uji ulimwagika kwenye karai kama mzee alivyotabiri. Mmoja wa wanagenzi wake alikizungusha kile kiungo mkononi, akasikiliza, akasema kingali na uhai. Baadaye nilielezwa kwamba kiungo kilichochakaa hulia ta-ta-ta gari linapokata kona huku likivuta, na kwamba mafundi wengi hukihamisha cha kushoto kwenda kulia na cha kulia kwenda kushoto, ili gololi zilizozoea kusukuma ukuta mmoja wa vijia vyake zipate kusukuma ule mwingine ambao bado haujaliwa. Ni akili ya mtu anayejua bei ya spea.

Vifuniko vya beringi ndivyo vilivyotuchelewesha. Mkono wa usukani, yaani kile kipande kinachosukumwa ili gurudumu ligeuke, umefungwa kwenye kifundo kwa vyuma vinne vyenye nyuzi, ambavyo mafundi huviita stadi. Nilicheka nilipolisikia neno hilo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani kwa maana ya mtu hodari katika kazi, na ni vigumu kupata jina lifaalo zaidi kwa vyuma vinne vinavyobeba uhai wa abiria wote. Vikilegea hukatika, na vikikatika usukani unabaki mkononi mwa dereva kama pambo. Juu ya kila stadi kuna kipande kidogo chenye umbo la pia, kilichopasuliwa ubavuni, kinachojikaza ndani ya tundu lake. Ukikitekenya kwa bisibisi utaharibu kila kitu. Mzee alilegeza nati, akaweka kipande cha shaba juu ya stadi, akapiga pigo moja zito. Pia ikaruka yenyewe.

Chini ya kifuniko cha juu tulikuta shimu. Hivi ni vibati vyembamba vya duara, vingine unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita, ambavyo huwekwa baina ya kifuniko na kifundo. Mzee alivihesabu, akavipanga juu ya gazeti. Kisha akafungua kifuniko cha chini. Hapakuwa na hata kimoja. Alinyamaza kidogo, akawaita wanagenzi wote watatu waje watazame.

Jambo hili ndilo kiini cha ukarabati wote, na linafuata kanuni mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Jumla ya unene wa shimu zote, za juu na za chini, ndiyo inayoamua beringi zimekazwa kiasi gani: ukipunguza shimu zinakazika, ukiongeza zinalegea. Lakini mgawanyo wa shimu hizo baina ya juu na chini ndio unaoamua kifundo kitakaa wapi kikilinganishwa na katikati ya ekseli. Zikirundikwa zote juu, kifundo hushuka. Kikishuka, kinashuka na ncha ya shafti, na ile shafti badala ya kupita katikati ya sili ya ndani, huiegemea upande mmoja. Tuliitoa sili iliyokuwa na umri wa miezi michache tu, tukaikuta imeliwa upande wa chini na upande wa juu bado ni mpya. Kumbe gereji ile iliifikia hata sili ya ndani. Walichokosea ni kitu chembamba kuliko kucha.

Na lile tetemeko? Beringi zenyewe zilikuwa zimechakaa, vikombe vyake vikiwa na alama za gololi zilizogongwa mahali pamoja kwa miaka mingi, maana gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja kuliko kukata kona. Walirudisha beringi zilezile na shimu zilezile, kwa hiyo kifundo kilikaa kwa ulegevu. Kifundo kisicho na mkazo wake hakina cha kulizuia gurudumu lisicheze likigongwa.

Sitamlaumu mtu kwa jina, na kusema kweli simlaumu sana. Nilirudi katika gereji ile kuuliza, bila ugomvi. Msimamizi alimwita kijana aliyeifanya kazi, kijana akajibu kwa unyofu kwamba aliambiwa arudishe shimu zote, na alizirudisha zote. Hakudanganya. Hakuna iliyopotea. Agizo alilopewa lilikuwa na idadi lakini halikuwa na mahali. Katika isimu tungesema kuwa kauli ile ilikuwa sahihi kisarufi na pungufu kimaana, na tungeendelea na mhadhara. Barabarani upungufu huo ulikuwa nusura utupeleke chini ya lori.

Kitabu cha mtengenezaji kinaeleza hatua hizi zote kinaganaga, na kipo hata kifaa maalumu cha kupimia katikati ya kifundo. Lakini kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, nacho kifaa sijakiona katika gereji yoyote niliyowahi kuingia. Mzee wa Kariobangi anacho kitabu hicho, kurasa zake zimelowa oili hadi zinapitisha mwanga. Kiingereza chake, kwa maneno yake mwenyewe, ni cha namba. Husoma picha na tarakimu, na hayo mengine aliyapokea kwa mdomo kutoka kwa fundi aliyemfundisha, ambaye hayuko tena duniani.

Kuna rafiki yangu mhandisi anayeshikilia kuwa hapana haja ya kuyaandika mambo haya kwa Kiswahili, kwani vipuri vinakuja na majina yake ya Kiingereza, na kijana anayetaka ufundi na ajifunze lugha ya ufundi. Namheshimu, lakini nadhani ameisahau historia ya neno analolishika kila asubuhi anapokwenda kazini. Usukani haukuletwa na motokaa. Ulikuwa neno la mabaharia wa pwani yetu kabla ya motokaa kuwako, pamoja na kana inayoshikwa na mwelekeza chombo, mkuku ulio uti wa mgongo wa jahazi na taruma zinazoushikilia ubavu wake. Mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hukalafati mbao za chombo kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye, na kazi hiyo yote, vipimo na majina yake, imerithishwa kwa Kiswahili. Lugha iliyoweza kuzuia Bahari ya Hindi isiingie jahazini haiwezi kushindwa kuizuia oili ya gia isiingie kwenye grisi. Isitoshe, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Sijui ni nani aliyeamua kwamba urasmi huo ukomee kwenye lango la gereji.

Lawama, hata hivyo, siielekezi kwa wahandisi. Naielekeza kwetu sisi wa idara za Kiswahili. Tumezoea kubuni istilahi mezani, tukizitafuta katika kamusi za Kiarabu na za lugha nyingine za Kibantu, kisha tunazichapisha na kulalamika kuwa umma hauzitumii. Wakati huohuo kule Kariobangi yapo maneno yaliyokwisha kuchujwa na kazi: habu, shimu, sili, tairodi, stadi. Baadhi yatatukera masikio. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalomchanganya mwanagenzi, na sifa hiyo sijaiona katika kila istilahi tuliyoipigia kura kwenye warsha. Kinachokosekana si majina. Kinachokosekana ni kurasa chache zilizoandikwa, kazi moja kwa kijitabu kimoja, zenye picha, vipimo, na sentensi zinazotaja mahali: shimu za juu zirudi juu, za chini zirudi chini, na kila fungu lifungwe kwa waya wake siku linapotolewa.

Turudi kwenye gari. Tulikwenda Grogan kutafuta beringi, na mzee akazikagua moja baada ya nyingine kwa kucha na kwa sikio, akakataa za duka la kwanza na la pili. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kupambana na bidhaa ghushi, lakini kucha ya fundi bado ina kazi. Tulipiga vikombe vipya mahali pake kwa kutumia vile vya zamani kama kigongeo. Sili ya ndani iliingizwa, mdomo wake ukielekea kwenye oili. Shimu ziligawanywa upya, na mzee akapima katikati kwa kipande cha bomba alichokichonga mwenyewe kwa mfano wa kile kifaa cha kitabuni.

Kisha akatoa mizani. Ilikuwa mizani ya ndoano, ile ambayo wauza samaki huipima sangara nayo. Kabla ya kurudisha shafti na mpira wa nje, na tairodi ikiwa imefunguliwa, ili msuguano wa vitu hivyo usije ukamdanganya, alitia ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani akavuta kwa pembe mraba. Alichokitafuta ni uzito unaohitajika kukifanya kifundo kiendelee kugeuka. Kabla ya kukifungua alikuwa amekipima hivyohivyo, na mshale haukufika hata nusu kilo. Sasa ulipita kiasi kilichotajwa kitabuni. Akafungua, akaongeza kibati kimoja chini, akafunga, akavuta tena. Alirudia mara nne. Mara ya tano aliniita nisome mimi, nikausoma mshale uko ndani ya mipaka. Simwambii msomaji ni kilo ngapi, kwa sababu kipimo cha FJ40 si cha Land Cruiser nyingine, na wala sitaki mtu alifungue gari la baba yake kwa kulitegemea gazeti.

Kulijaza tufe grisi hadi robo tatu, kufunga na kwenda upande wa kulia kulitwaa siku nzima ya pili. Tumekwisha kwenda Kitui na kurudi mara tatu. Mama ameacha kushika mlango.

Niliporudi kukaza stadi upya, kama mzee alivyoniagiza, nilimletea kurasa nne nilizoziandika kwa Kiswahili kuhusu kazi ile, nikamsomea akiwa ameketi juu ya tairi. Alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi. "Kifundo" alikipokea bila neno. "Washa zenye umbo la pia" alilikataa. Hizo ni koni, alisema, na hakuna mwanagenzi mwenye saa nzima ya kulitaja jina hilo. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba nati za mkono wa usukani zikazwe barabara, alininyanyulia mkono.

"Barabara gani, mwalimu? Ya Mombasa au ya Thika?"

Wanagenzi wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba kila mmoja wao ana "barabara" yake kulingana na alichokula asubuhi, na kwamba palepale ndipo stadi hukatika. Akafuta mikono, akakileta kile kitabu chake chenye kurasa zinazopitisha mwanga, akaniwekea kidole juu ya tarakimu. Nikalikata neno langu kwa kalamu, nikaandika namba.